Yangu Macho Si Ibada

Ujumbe ulikuwa wa maneno mawili tu: "Yangu macho." Aliyeuandika ni mtu ninayemheshimu, mama wa makamo kama mimi, msomaji hodari wa Kurani, ambaye humkosi msikitini usiku wowote wa tarawehe. Chini yake zikafuata alama za mikono ya dua kutoka kwa wenzetu kumi na mmoja. Kisha mtu akatuma picha ya sambusa, na mazungumzo ya kundi letu la Wazanzibari wa Maskati yakahamia kwenye futari.

Nilikuwa nimeuliza jambo dogo: nani atafuatana nami kwenda kubisha hodi nyumba fulani?

Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani. Nilitoka jioni kutupa taka huku nikizungumza na mdogo wangu wa Unguja kwa simu. Kwenye pipa la barabarani alikuwapo binti mmoja, naye ana mfuko wake wa taka. Aliposikia Kiswahili aliuweka chini, akasema, "Shikamoo mama," na kabla sijamwitikia marahaba alikuwa analia. Kwao Muheza. Anafanya kazi za ndani barabara ya nyuma yetu. Miezi mitano hajauona mshahara. Pasi yake imo kabatini mwa mwajiri, simu yake imechukuliwa. Hakuniomba fedha wala mahali pa kujificha. Aliniomba nimpigie mama yake, nimwambie mwanawe yu hai.

Nikapiga usiku ule ule. Mama wa watu hakuwa na habari ya mwanawe tangu mwezi wa Rajabu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Wewe uko naye jirani?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi Mungu amempa mtu." Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kundi kuomba mwenza, na jibu nililolipata ni macho.

Nimelelewa Kikwajuni, ambako hakukuwa na ukuta wa kuzuia sauti. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Mama yangu alikuwa na sikio ambalo sisi watoto lilituudhi sana. Kilio kikisikika nyumba ya tatu, anaiacha nazi nusu kwenye mbuzi, anajitupia kanga na kutoka. Hapigi kelele wala hatukani mtu. Anasimama mlangoni pa wenyewe na kusema, "Hodi hodi! Nimekuja kuazima kinu." Kinu chetu kilikuwa ukumbini, mtaa mzima unakijua. Lakini mwenye nyumba atafanya nini? Mkono aliouinua lazima aushushe, atoe kinu. Mama ataingia, ataketi mkekani, ataomba maji ya kunywa, ataulizia hali ya watoto mmoja mmoja, na hatanyanyuka mpaka nyumba imetulia. Asubuhi atakirudisha kinu na kuulizia tena. Kuna wiki tulikuwa na vinu viwili ndani, na baba hakuuliza kwa nini.

Wenye kuudhika walimwita mmbea. Sikio lile lile lililosikia kilio ndilo lililosikia nani kachelewa kurudi, nani kapika nini, binti wa nani anaongea na nani kichochoroni. Nilipoondoka kwetu, moja ya raha niliyoitazamia ilikuwa kuishi mahali ambapo hakuna atakayeniuliza. Nimeipata. Maskati kuta ni ndefu, madirisha yamefungwa, na mashine ya kupoza hewa inanguruma usiku kucha. Miaka tisa sijui mtoto wa jirani anaitwaje. Mtaa safi, watu wapole, na mtu anaweza kulia hatua thelathini kutoka kitandani mwako usimsikie.

Sasa naelewa kwamba ule umbea tuliouchukia na ile huruma tuliyoitegemea vilitoka kwenye sikio moja. Ukiliziba ili usisumbuliwe, umeviziba vyote viwili.

Usiku ule sikulala. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni alivyotufundisha Suratul Maun, sura ya 107, ambayo kila mtoto wa Unguja anaijua kwa moyo kwa kuwa ni fupi, aya saba tu. Tuliisoma mbio mbio tuwahi kucheza. Sura ile inaanza na mwenye kuikanusha dini, na inamtambulisha kwa namna anavyomtendea yatima na maskini. Inaishia kwa watu wanaoswali, na ole unawahusu wao, kwa sababu wameghafilika na Swala zao, wanajionyesha, na wanawanyima watu maun. Maun ni nini? Miongoni mwa wafasiri wa mwanzo, akiwemo sahaba Ibn Masud, wapo waliosema ni vile vyombo vidogo ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu, ndoo. Yaani kinu! Yaani kupiga simu moja Muheza. Aliyenyima kitu kidogo kama hicho ametajwa mahali pamoja na mwenye kuswali kwa kujionyesha. Mwalimu alitwambia hivyo tukiwa na miaka minane, nami nimefika hamsini na mbili ndipo inaniingia.

Kuna kisa kingine ambacho mashekhe wetu hukisoma mno kwenye Maulidi lakini hatukijadili tukitoka. Kabla ya utume, mfanyabiashara mmoja wa Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mkubwa wa mji, akazichukua na akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo pale wala mtu wa kumtetea. Akaziendea koo alizozitarajia, zikamkatalia: Al-As ni mtu mzito, na ugomvi huu si wetu. Kwa lugha ya kundi letu, zilimjibu "yangu macho." Basi akapanda jabali la Abu Qubays, Makureshi wamekaa pembeni mwa Kaaba, akawalilia kwa sauti. Aliyeinuka ni Zubeir bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume. Watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Judan, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila mwenye kudhulumiwa mle Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-As, na mali ikarudi kwa mwenyewe. Kiapo hicho kinaitwa Hilful Fudhul. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikihudhuria akiwa kijana, na baadaye, katika zama za Uislamu, alisema kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitikia.

Kisa hiki ni cha mgeni, tena mgeni asiyelipwa haki yake katika mji wa ibada, na wacha Mungu wa mji wanaangalia. Sijui tunahitaji kifanane na chetu kwa kiasi gani zaidi ndipo tukitambue.

Nilipoyaeleza haya kwenye kundi nilijibiwa kwa heshima, na majibu yenyewe nayaandika hapa kwa sababu najua hata wewe msomaji umewahi kuyasema, kama nilivyowahi mimi.

La kwanza: "Tusifichue aibu za watu, Mungu anapenda sitara." Sitara tumeamrishwa kumsitiri mja aliyeteleza na anayeona haya. Aliyefunga pasi ya mtoto wa watu kabatini hajateleza, na ukimsitiri unamshikia mlango.

La pili: "Tusilete fitna." Fitna ilishaingia mwezi ule wa kwanza mshahara ulipozuiwa. Atakayebisha hodi hakuileta, ameikuta.

La tatu ni zito zaidi: "Tutaharibu ukaazi wetu." Hofu hii naijua, si ya kubeza. Mwenye watoto wanne na kibali kinachomtegemea kafili, yaani mdhamini wake, ana haki ya kuogopa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim imempa ngazi zake: ondoa ubaya kwa mkono, usipoweza kwa ulimi, usipoweza kwa moyo, na hiyo ya moyo ndiyo imani dhaifu kuliko zote. Anayeogopa asimame kwenye ngazi anayoiweza. Namlaumu yule anayekaa chini kabisa, akaiita hofu yake hekima na kutufundisha nayo watoto wetu.

La nne: "Kuna serikali, kuna balozi, kuna mashirika." Ni kweli zipo. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50, na yaliyosimuliwa mle ni haya haya: pasi kuchukuliwa, mshahara kuzuiwa, kazi isiyo na mapumziko. Lakini ripoti haijui kuwa kuna binti kwenye pipa la taka la barabara yetu. Anayejua ni mimi.

Na lipo la tano ambalo kundini halitajwi. Baadhi yetu tunakula humo. Wapo Waswahili wenzetu wanaowatafutia mawakala mabinti kutoka Tanga, Singida na Pemba, wanalipwa kwa kila kichwa, na binti akishavuka uwanja wa ndege simu zao haziitiki. Tunaalikana nao futari. Tunajua fedha ya zulia jipya imetoka wapi. Tunapojiita watu wa katikati, tuangalie vizuri katikati yenyewe iko wapi: binti yuko peke yake upande mmoja, na upande wa pili yuko mwajiri, wakala, na sisi tuliokaa kimya kwenye zulia.

Msomaji wa nyumbani asije akapumua akasema haya ni mambo ya Uarabuni. Yule dada wa kazi uliye naye Mbweni au Mikocheni, aliyetoka Lushoto au Iringa, anayeamka kabla yako na kulala baada yako, mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Ni mwaka wa ngapi huu tangu alipokwenda kuwaona wazee wake? Kwetu pia jirani akimpigia kelele msichana wa kazi tunaongeza sauti ya televisheni. Kuta za Maskati nimezisema, lakini naona tumeanza kuzijenga Unguja na Dar es Salaam, tena kwa fedha tunazotuma sisi wa huku.

Hata hivyo silii kwamba kwetu kumekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi waliingia baharini na vyombo vyao. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Kuna waliokutwa wameshikilia magodoro, na hakuna mvuvi aliyeuliza kwanza huyu ni wa chama gani, kalipa nauli au hakulipa, na je, mwenye meli atakasirika. Kila Mzanzibari anazo habari za usiku ule, na ukimhadithia huinamisha kichwa. Watu wale ndio sisi, na bahari haikuwa rahisi kuliko mlango wa jirani.

Nilichelewa siku tatu nikisubiri mtu wa kufuatana naye. Siku tatu hizo nitaulizwa. Mwisho nilimwendea bibi mmoja aliyezaliwa Unguja, aliyehamia huku miaka ya sabini, Kiarabu chake kimenyooka na hashindwi na mtu kwa umri. Hakunihoji. Aliuliza tu, "Umepika nini?" Nikamwambia kalimati. Akasema, "Tia sahani."

Tukabisha baada ya tarawehe na sahani ya kalimati mkononi. Tuliketishwa, tukapewa kahawa na tende. Bibi yangu aliulizia watoto mmoja mmoja, akawaombea, kisha akasema kwa upole kwamba nyumba hii ina mtoto wetu, na mama yake anamlilia. Hakutaja sheria. Alimkumbusha mwenye nyumba kwamba Mtume ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Mwenye nyumba alikasirika, kisha akanyamaza, kisha mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa pembeni, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Tulikwenda mara nne kabla mwezi haujaisha. Mara ya tatu wenzetu wawili wa kundi walifuatana nasi, na mmoja wao ni yule aliyeandika "yangu macho." Nimemwomba ruhusa niliandike hili, amekubali.

Mwenzangu uliye Maskati, Dubai, Jeddah, au Leicester na Minneapolis ambako dhuluma zina sura nyingine: sikuambii uvunje mlango wa mtu. Nakuomba uyafungue masikio, uijue namba ya ubalozi wako kwa moyo, utafute mtu mzima mmoja wa kufuatana naye, na uwe na sahani tayari. Mungu hatatuuliza tuliona nini. Macho ametupa yeye na anajua yaliona nini. Atauliza mikono ilikuwa wapi.

Binti amefika kwao Muheza tarehe mbili Mfunguo Mosi, pasi mkononi na mshahara wa miezi mitatu. Miezi miwili bado haijalipwa. Sahani yangu nayo bado iko nyumba ile. Jumamosi, baada ya alasiri, mimi na bibi yangu tunakwenda kuifuata.