Upasuaji wa utumbo kwa mwenye kisukari: Maandalizi yanaanzia nyumbani

Mama yangu ana miaka 64, na kisukari ameishi nacho kwa miaka 14. Mwaka jana kipimo cha kamera kilionyesha uvimbe kwenye utumbo mpana, na daktari wa upasuaji akasema ni lazima utolewe. Sisi watoto tuliogopa kisu. Daktari aliogopa sukari.

Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 kilisoma asilimia 9.6. Daktari akatueleza kwamba sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi. Na kwenye utumbo kidonda si kile cha nje tu. Kuna cha ndani, pale utumbo unapounganishwa baada ya kukatwa. Hapo pakivuja, mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Tena upasuaji wenyewe hupandisha sukari, kwa sababu mwili ukijeruhiwa hutoa homoni zinazoipandisha.

Akatupa wiki 3. Zaidi ya hapo hakutaka, kwani uvimbe nao hausubiri.

Tulichukua daftari la shule la mwanangu likawa daftari la bibi. Mama alipimwa mara 4 kwa siku: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Lengo tulilopewa lilikuwa kati ya 6 na 10. Bonge la ugali likapungua, mboga za majani zikaongezeka, na jioni tukawa tunatembea naye hadi barabarani na kurudi. Kila wiki daftari lilikwenda kliniki, na dozi ya insulini ikarekebishwa kulingana na namba zilizoandikwa. Wiki ya tatu, namba nyingi zilikuwa ndani ya lengo.

Kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa, maandalizi ya siku ya mwisho tuliambiwa tuyafanye nyumbani. Hapo ndipo mdogo wangu aliposoma karatasi zetu mbili na kuniuliza, "Dada, sasa tunafuata ipi?"

Karatasi ya upasuaji ilisema siku moja kabla mama asile chakula, anywe tu vinywaji visivyo na maziwa wala machicha, na jioni anywe dawa ya kusafisha tumbo. Kadi ya kliniki ya kisukari ilisema asikose mlo wala dawa. Ukizifuata zote mbili, unamchoma mgonjwa insulini yake yote huku tumbo likiwa tupu. Sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Tulitia dawa zote za mama kwenye mfuko, tukaenda kumwona daktari wa usingizi. Alizipitia moja moja na kutuandikia. Glibenklamidi iachwe siku ya kutokula, kwa sababu huusukuma mwili kutoa insulini hata kama hakuna kilicholiwa. Insulini ya usiku ipunguzwe, isiachwe. Metformini isubiri hadi atakaporuhusiwa kula baada ya upasuaji.

Hayo yalikuwa ya mama yangu, usiyaige. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, haachi insulini kabisa hata asipokula. Na wapo wanaotumia vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambavyo kwa kawaida husimamishwa siku 3 au zaidi kabla ya upasuaji, maana vinaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu.

Usiku wa kuamkia upasuaji, saa 4, baada ya mama kwenda chooni mara ya sita, jasho lilianza kumtoka na mikono ikatetemeka. Mashine ikasoma 3.3. Mdogo wangu akakoroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji.

Mama akakataa.

"Miaka 14 mnaninyima sukari, leo ndiyo mnanipa? Mnataka kesho nirudishwe?"

Shangazi, ambaye alikuwa amekuja na uji kwenye chupa, akasema afadhali wifi yake anywe uji. Lakini uji ungeuchafua utumbo uliokwisha kusafishwa. Maji ya sukari hayaachi mabaki, na daktari alikuwa ameyaruhusu kwa maandishi: ikishuka chini ya 4, mpeni, subirini dakika 15, pimeni tena. Nikampa mama ile karatasi. Akaomba miwani, akaisoma mwenyewe, akanywa. Baada ya dakika 15 mashine ikasoma 4.7. Tukampigia simu muuguzi wa zamu, naye akatutaka tuendelee kupima kila saa.

Asubuhi alikunywa maji mara ya mwisho saa 12. Saa 2 aliingia chumba cha upasuaji, wa kwanza kwenye orodha. Tulikuwa tumeliomba hilo mapema, ili asikae na njaa muda mrefu. Uvimbe ulitolewa. Siku mbili za kwanza sukari ilipanda, kama tulivyoambiwa, na akapewa insulini wodini. Kidonda kilipona.

Mzazi mwenzangu, kama una mgonjwa anayekwenda kwenye upasuaji wa aina hii, uliza mapema: kila dawa yake ya sukari inywewe au iachwe siku gani? Dozi ya insulini ni ipi siku ya kutokula? Sukari ikishuka usiku apewe nini, na ikipanda sana tumpigie nani? Maji yanakoma saa ngapi? Je, anaweza kuwekwa wa kwanza asubuhi?

Omba majibu yaandikwe. Kisha mgonjwa ayasome siku kadhaa kabla, akiwa ametulia. Aliyekatazwa sukari kwa miaka mingi anahitaji muda wa kukubali kwamba usiku mmoja sukari hiyohiyo inaweza kuwa dawa yake.