Deni Letu kwa Watu wa Montgomery

Tulipoanza darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, somo la Januari lilikuwa jepesi. Watoto walipaka rangi picha ya Martin Luther King. Tuliwaambia kwamba alizaliwa Atlanta mwaka 1929, alipigania usawa wa watu wote, akauawa Memphis mwaka 1968. Kisha wakala maandazi, wakarudi makwao. Jumatatu ya tatu ya mwezi huo shule hufungwa kwa heshima yake, na wazazi wengi tuliipokea kama nafasi ya kupumzisha mwili. "Hayo mambo ya Wamarekani," mama mmoja alizoea kusema. "Sisi wageni tuna yetu."

Kauli ile ilinikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu aliisema akiwa sebuleni kwake, ndani ya fleti aliyopanga kihalali. Sheria inayomkataza mwenye nyumba kumnyima mtu pa kukaa kwa ajili ya rangi yake au nchi alikotoka ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya King kupigwa risasi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1965, zilipita nyingine mbili: Agosti ya kulinda haki ya kupiga kura, na Oktoba ya kufuta mgawo wa zamani wa wahamiaji. Mgawo huo ulizifungulia mlango nchi za Ulaya ya kaskazini, huku Tanganyika ikitengewa nafasi 100 tu kwa mwaka. Waliolala korokoroni ili siasa za Marekani zigeuke hawakutujua, lakini sisi tunakaa ndani ya walichokipigania. Nilitaka watoto wetu walijue hilo mapema, kabla hawajazoea kudhani kila kitu walikikuta kilivyo.

Aliyeligeuza somo lenyewe ni mvulana mmoja kutoka Uvira, Kongo. Nilikuwa nikiwaonyesha picha ya maandamano ya Washington ya Agosti 1963, umati wa watu kama 250,000, naye akanyoosha mkono: "Mwalimu, na batoto balikuwa wapi?" Wenzake wa Dar na Mombasa wakaangua kicheko, si kwa swali, bali kwa Kiswahili chake. Alishusha mkono taratibu, akaanza kukwangua rangi ya penseli yake kwa ukucha.

Siku ile hatukufika Washington. Tulizungumza juu ya mkeka tuliokalia: nani kampa nani ruhusa ya kumcheka mwenzake, na kwa nini Kiswahili cha Mombasa kisichekwe ila cha Uvira. Sikuwapa hotuba. Niliwaachia waulizane, na wakubwa walikuwa wakali kwa wadogo kuliko ambavyo ningekuwa mimi. Naamini mtoto hawezi kuelewa ubaguzi wa Alabama ikiwa hajaweza kuuona ule anaoufanya mwenyewe kabla ya chai ya saa nne.

Juma lililofuata nilimletea mvulana yule jibu lake. Batoto walikuwa Birmingham, Alabama. Tarehe 2 Mei 1963 walitoka shuleni kwa mamia, wakakusanyika katika kanisa la Kibaptisti la Barabara ya 16, wakatoka makundi kwa makundi kwenda kukamatwa. Kesho yake polisi waliwaachia mbwa, na wazima moto wakawafungulia mipira ya maji yenye nguvu ya kumburuta mtu barabarani. Audrey Faye Hendricks alikuwa na miaka tisa. Alikaa kizuizini wiki nzima. Mvulana wa Uvira, ambaye naye alikuwa na miaka tisa, aliniuliza alikula nini huko ndani.

Tangu hapo tuliacha kuanza na King peke yake. Tunaanza na Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekataa kuinuka kwenye kiti cha basi kumpisha mzungu huko Montgomery, Alabama, Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake kwa kosa hilo hilo ndiko kulikoanzisha mgomo wa mabasi. Tunaeleza jinsi abiria mweusi alivyolipa nauli mbele, akashuka, akazunguka kupandia mlango wa nyuma, na pengine dereva akaondoka kabla hajaufikia. Kisha tunawapa watoto karatasi wapange wenyewe: watu weusi wa mji mzima wamegoma kupanda mabasi kwa siku 381, nani atampeleka nani kazini, kwa gari la nani, na petroli italipwa na nini?

Hapo ndipo anapoingia Georgia Gilmore, na kwangu huyu ndiye roho ya somo zima. Alikuwa mpishi na mkunga. Aliwakusanya wanawake wenzake, wakapika kuku wa kukaanga, keki na pai za viazi vitamu, wakauza mtaani na kwenye saluni, na fedha ikaenda kwenye magari ya wagomaji. Majina ya wauzaji yalifichwa, maana wengi walifanya kazi kwenye nyumba za wazungu. Yeye mwenyewe alifukuzwa kazi mkahawani baada ya kutoa ushahidi katika kesi ya King kuhusu mgomo huo mwaka 1956, akahamishia biashara jikoni kwake.

Yule mama wa "mambo ya Wamarekani" alikuwa akikanda unga pembeni. Kule Bukavu aliwahi kuwa mama ntilie. Alisimama na ngano mikononi, akauliza mtaji wa kwanza ulitoka wapi. Nikamwambia walichangishana wenyewe. Akataka kujua bei ya sahani moja, na kama waliwahi kukopwa wasilipwe. Sasa yeye ndiye anayelifundisha somo la Gilmore, na watoto humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Jambo moja bado linatugawa: wasichana wanne waliouawa kwa bomu katika kanisa lile lile la Birmingham, Septemba 1963. Baadhi ya wazazi wanasema watoto wetu wametoka vitani, inatosha. Ninawaelewa. Tumekubaliana kwamba walio chini ya miaka kumi wasielezwe darasani, na mzazi akitaka amweleze mwanawe nyumbani.

Januari ijayo ni zamu ya Fannie Lou Hamer, aliyefukuzwa kwenye shamba la pamba huko Mississippi mwaka 1962 kwa kwenda kujiandikisha kupiga kura, baada ya kulifanyia kazi kwa miaka 18. Dada yake yule mvulana wa Uvira ameomba kuliongoza somo hilo. Ameshatimiza miaka 18 na ni raia, na juzi alikuja na fomu mbili za kujiandikisha: yake, na ya baba yake, ambaye alitaka nimsomee kila mstari kabla hajatia saini.