Nauli au Mchango wa Mafuta?

Tulikuwa saba ndani ya Noah: mafrateri sita, na katekista mmoja aliyeomba lifti njiani. Tulikuwa tunarudi Songea kutoka Mbinga, tulikokwenda kumzika baba wa mwenzetu. Gari lilikuwa la rafiki yetu, mwalimu wa sekondari hapa mjini, ambaye tulianza naye falsafa kabla hajatambua kwamba wito wake uko kwenye ndoa. Yeye hakuja, alikuwa anasimamia mitihani. Alitukabidhi ufunguo jioni, akasema tu, "Breki mpya. Poleni na msiba." Hatukumwuliza habari za bima. Nani anauliza bima kwenye msiba?

Mvua ilitukamata Kigonsera, ikatusindikiza hadi Likuyufusi, ikakatika. Mwenzetu aliyekuwa anaendesha, mwenye leseni halali na uzoefu kuliko sisi wote, akashusha pumzi. Tulipoanza kuingia mjini, bajaji iliyokuwa mbele yetu ikafunga breki ghafla kumkwepa mbuzi. Lami ilikuwa bado na utelezi. Tukaigonga kwa nyuma, ikaingia mtaroni. Dereva wake alitoka mwenyewe, akakaa chini, akashika goti. Mbuzi aliendelea na safari yake.

Trafiki alikuja, akapima, akachora. Akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akaona bima iko hai, akasema, "Afadhali." Dereva wa bajaji akaandikiwa PF3, tukaenda naye hospitali. Goti lilikuwa limevimba lakini mfupa mzima, Mungu ni mwema. Tukarudi seminari usiku tukijiambia kwamba yaliyobaki ni ya kampuni ya bima.

Hapo ndipo ujinga wetu ulipoanza kuonekana. Sisi tunaoweza kueleza hoja tano za Mtakatifu Thoma bila kufungua daftari, hatukujua tofauti ya bima kubwa na bima ndogo. Rafiki yetu alikuwa na bima ndogo, kama wenye magari wengi wa kipato chake: shilingi 100,000 kwa mwaka na kodi ya asilimia 18 juu yake. Bima hiyo humlinda yule unayemgonga. Gari lako mwenyewe haligusi. Kwa hiyo bampa, boneti, rejeta na taa ya kushoto ya Noah, vyote ambavyo fundi alivihesabu kuwa shilingi 1,250,000 pamoja na kazi yake, havikuwa na mtu wa kuvilipia isipokuwa mwenye gari. Au sisi.

Jambo la pili lilitupa faraja kidogo. Tulidhani kwamba kwa kuwa aliyeendesha si mwenye gari, bima ingekataa. Afisa tuliyemkuta alitueleza kwa upole kwamba bima hufuata gari, na kwa kawaida humfunika yeyote anayeliendesha kwa ruhusa ya mwenyewe akiwa na leseni inayostahili. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaja anayelitumia gari barabarani na pia anayemruhusu mwingine alitumie. Wote wawili wanakosea kama gari halina bima. Kumbe mtu akikuazima gari, mbele ya sheria hajatoka ndani yake.

Kisha afisa akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Na ninyi abiria, mlilipa chochote?"

Tulichanga 5,000 kila mmoja, sita tuliotoka seminari. Katekista hakutoa kitu. Zilikuwa 30,000, zote ziliingia kwenye tenki. Lakini mwenzetu aliyekusanya aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wapendwa, nauli ya msiba ni 5,000, tumeni kabla ya saa mbili." Aliandika nauli kwa sababu ndivyo tunavyosema. Mtu akimpa jirani elfu mbili ya mafuta ili amfikishe sokoni, atasema amelipa nauli. Kwenye karatasi ya bima ya gari binafsi neno hilo ni jingine kabisa. Kubeba watu kwa nauli ni biashara, na biashara ina bima yake ya bei nyingine. Kampuni ikiamini kwamba Noah ilikuwa inafanya biashara siku ile, inaweza kujitoa, na gharama za bajaji na goti zikamwangukia rafiki yetu aliyekuwa darasani akigawa karatasi za mitihani.

Tukaomba siku mbili za kuandika maelezo. Jioni rafiki yetu akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Jamani ndugu zangu, ule ujumbe ufuteni. Si uongo. Hamkulipa nauli, mlichanga mafuta. Mnafuta neno baya tu." Nyuma yake tulimsikia shemeji akiuliza mayai ya kesho yatafikaje sokoni. Lile gari ndilo lililokuwa linabeba trei za mayai yake, na mkopo wa SACCOS waliolinunulia ulikuwa haujaisha.

Usiku ule tulikaa bwenini tukabishana, na hatukubishana vizuri. Wengine tulisema rafiki yetu ana haki: ukweli ni mchango, neno ndilo lililodanganya, kulifuta ni kuurudisha ukweli mahali pake. Wengine tulisema kama ni ukweli, unafutiwa nini? Mmoja alisema wazi kwamba si busara mafrateri kuwa watakatifu kwa hela ya mtu mwingine. Hilo lilituuma, kwa sababu ni kweli kwamba tukisema yote na kampuni ikakataa, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeuziwa kuku wake.

Asubuhi tukamwendea Gombera. Alisikiliza hadi mwisho, akatutuma tusome sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka, pale panaposema juu ya mnyama aliyeazimwa. Tulisoma. Mnyama akiumia au akifa na mwenyewe hayupo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwepo, hatalipa. Na kama alikuwa wa kukodi, hasara imo ndani ya ile kodi. Yule mwenzetu wa nauli, aliyekuwa hajacheka tangu Mbinga, akacheka: "Basi kwa Musa ingetufaa iwe nauli, na kwa bima ingetufaa iwe mchango!" Ndivyo ilivyokuwa. Ilipokuwa heri kwa rafiki yetu tuseme tumeazima, ndipo deni la Noah lilipotugeukia sisi bila mlango wa kutokea. Mwenyewe hakuwepo, na hatukukodi.

Ujumbe hatukuufuta. Tuliandika maelezo kurasa mbili, tukaambatanisha picha ya ujumbe wenyewe, neno nauli likiwa limekaa pale pale. Rafiki yetu hakupokea simu zetu kwa wiki moja. Kampuni ilijibu kwamba inasitisha malipo mpaka ijiridhishe, na dereva wa bajaji akaanza kutufuata getini, bila ugomvi, anachechemea tu na kuuliza. Kwake yeye nauli na mchango vilikuwa kitu kimoja: siku bila kazi. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba asiyeridhika anaweza kulalamika kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na barua tulikuwa tumeianza.

Kilichotuokoa kilikuwa kwenye mfuko wa koti la mvua la mwenzetu aliyeendesha: risiti ya mashine ya kituo cha mafuta, ya alfajiri ile ile ya msiba, shilingi 30,000 kamili. Imelowa, lakini inasomeka. Sita mara 5,000. Tukaipeleka. Baada ya wiki tatu kampuni ikakubali kumlipa mwenye bajaji matengenezo na matibabu.

Ikabaki Noah. Mwalimu alikuja mwenyewe, akakaa nasi chini ya mwembe, akasema, "Acheni, mambo ya ajali." Tulimwambia habari za Musa. Alikaa kimya, kisha akasema yeye angetuachia, lakini mayai si yake.

Likizo ile kila mmoja alirudi kwao na fungu lake. Mmoja aliuza gunia la mahindi aliyopewa na mama yake, wawili walifyatua tofali Namtumbo, mwingine alivuna kahawa kwa wajomba zake. Ugumu wa kupata hela bila kuomba kwa waamini tuliuonja vizuri. Tumepunguza hadi 310,000.

Jumapili iliyopita tulimpelekea shemeji maharage, madebe mawili. Aliyapepeta kidogo kwenye ungo, akatoa daftari la mayai, akatuuliza bei ya sokoni wiki hii ni ngapi.