Imani ya Mnyama Hainunuliwi Sokoni



Sisi watu wa pwani tumelelewa na habari za farasi wa Kiarabu zaidi ya tulivyolelewa na farasi wenyewe. Mtoto wa chuoni huhifadhi Surat Al-Aadiyat kabla hajapata kumwona farasi akienda mbio. Wazee wetu nao hawakuchoka kusimulia kwamba Sayyid Said bin Sultan, alipoipeleka merikebu yake Sultana hadi New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini Lamu, nilikozaliwa, mnyama wa kila siku ni punda. Farasi nilimjua kwa mdomo wa ami yangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika banda la farasi nje ya Maskati. Punda nilimjua kwa mikono yangu. Elimu hizo mbili zilikuja kukutana katika vilima vya Nyamira, ambako riziki ya ualimu ilinipeleka.

Kisii na Nyamira si nchi ya farasi. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua haikawii, na kila kipande cha ardhi kimepandwa chai, ndizi au mahindi. Hapana uwanda wa kukimbizia farasi. Farasi wa kwanza niliyemwona huko alikuwa wa jiwe: kete ya sataranji iliyochongwa na mafundi wa mawe ya sabuni wa Tabaka. Mizigo ya vilima hivyo hubebwa na vichwa vya akina mama, na pikipiki, na punda.

Ami alikuwa akisema kuwa farasi wa Kiarabu ni mwepesi wa mambo mawili, kujifunza na kukumbuka. Kwa karne nyingi mabedui walimlea karibu na hema zao, wakamthamini jike kuliko dume, wakahesabu nasaba yake kwa upande wa mama. Ndivyo zinavyofuatwa hadi leo koo mashuhuri kama Kuhaylan, Saqlawi na Hamdani. Mnyama aliyekua akisikia sauti za watoto na kunusa moshi wa jiko humkaribia mwanadamu kuliko farasi wengine wengi. Ukaribu huohuo humfanya ahisi kila kitu: mkono wenye hasira, pumzi za haraka, hatua ya mtu mwenye hofu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso wake na nyuma ya mkia. Anayemjia kutoka huko humjia kama adui. Ami humwendea kwa upande wa bega, akizungumza kwa sauti ya chini, kisha husimama kabla hajamfikia, ili hatua ya mwisho aipige farasi mwenyewe.

Jambo lililonikaa zaidi katika mazungumzo yake ni habari ya kamba. Farasi, alisema, hajifunzi pale kamba inapovutwa; hujifunza pale inapolegezwa. Ukimvuta naye akajongea hata unyayo mmoja, legeza papo hapo, maana kulegeza ndiko kumwambia kwamba amefanya vyema. Anayevuta bila kulegeza anamfunza mnyama kuwa hata akitii hapati raha, na asiyepata raha katika kutii ataitafuta katika kukimbia.

Punda ni jamaa wa farasi, lakini hofu yake ina njia nyingine. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Asili yake ni nchi kame yenye mawe katika Pembe ya Afrika, ambako kukurupuka ovyo kwaweza kumvunja mguu. Basi husimama, akatazama, akanusa, akapima. Wanadamu tumekuita kupima huko ukaidi, na ukaidi tumeutafutia fimbo.

Mwaka 2019 jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa na punda aliyemnunua mnadani. Kazi yake ilikuwa kuteka maji ya kuuza: madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 kila safari. Kati ya chemchemi na barabara palikuwa na kijito chenye daraja la magogo, na hapo punda alikuwa akisimama kama aliyepigiliwa misumari. Kijana mkubwa wa mama huyo alimpiga mpaka fimbo zikavunjika. Kupiga kulimfikisha punda kwenye daraja akiwa tayari ametishika, na aliyetishika hawezi kupima.

Wakati huo wanunuzi wa punda walikuwa wakizunguka vijijini na malori. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa nchini, hata yakafika manne, na ngozi zilisafirishwa kwenda China kuchemshwa ziwe dawa iitwayo ejiao. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 haikufikisha milioni 1.2. Mama aliniambia, "Mwalimu, huyu nitamtoa. Punda asiyevuka maji ni wa nini?" Nikamwomba, "Mama, niachie huyu pamoja na mwanao mdogo, mwezi mmoja tu." Akakubali shingo upande, maana mwezi bila maji ya kuuza ulikuwa mwezi bila karo.

Kwanza tulimtazama mgongo, tukakuta vidonda vilivyochimbwa na kamba za madumu. Tukamshonea kitu mfano wa shogi za kwetu Lamu, kwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya mgomba, na tukangoja vidonda vifunge. Siku hizo hakubebeshwa chochote. Kijana, aliyekuwa darasa la saba, alimlisha kwa mkono wake asubuhi na jioni. Kila alasiri alimfikisha kwenye mdomo wa daraja, akasimama penye bega lake, kamba ikining'inia. Punda aliinamisha kichwa akanusa magogo. Kijana hakuvuta. Siku punda alipotia ukwato mmoja juu ya gogo, alimsugua shingo, akamgeuza, wakarudi nyumbani. Majirani walicheka: vipi mtu anamtoa punda matembezi?

Siku ya kumi na tisa alivuka. Hapakuwa na fimbo wala kelele. Alivuka akimfuata mtoto kama anavyofuata kivuli. Wiki iliyofuata alivuka na madumu mawili, kisha manne.

Hapo kaka mtu akaishika kamba ileile, daraja lilelile, na punda akasimama. Alikasirika, akauliza, "Si ni punda huyuhuyo?" Mdogo wake akamjibu, "Punda ni huyohuyo, kaka. Mkono ndio mwingine." Ilimbidi mkubwa naye aanze kwenye kulisha, na haikumchukua siku kumi na tisa, ilimchukua karibu miezi mitatu, kwa sababu punda alikuwa na mengi ya kusahau juu yake.

Hilo ndilo nililojifunza Nyamira, na ami alipolisikia kwa simu alisema hata farasi wa thamani kubwa ndivyo walivyo. Mnyama huuzwa pamoja na kamba yake, lakini imani haifuati kamba. Kila mkono huichuma upya.

Mama hakumuuza. Februari 2020 serikali iliamuru machinjio yafungwe. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Maneno ya wakubwa yalikwenda na kurudi. Punda yule aliendelea kuvuka daraja, na mtoto akaingia sekondari.

Wasomaji wapenzi, katika Surat An-Nahl Mola amewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, kuwa vipando na pambo. Mtume wetu (s.a.w.) alimpanda punda, akampakia Muadh bin Jabal nyuma yake, akamlaani aliyemchoma punda alama usoni, na Bi Aisha aliposumbuliwa na ngamia mgumu, alimuusia upole. Hakutuwekea adabu moja ya farasi wa sultani na nyingine ya punda wa mjane.

Kwa hiyo nyinyi mlioko Lamu, mnaowapa watoto punda wa kubebea mchanga na mawe, au wa kushindana siku za Maulidi, nawaomba jambo jepesi. Mwacheni mtoto amlishe punda wiki nzima kabla hajapewa hatamu, na muda wote huo fimbo ibaki juu ya dari.

Wabillahi tawfiq.