Pikapu ya Marehemu Baba

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia Datsun 1200 nyeupe, pikapu ndogo ambayo kwayo tulilelewa sote. Sisi dada watatu tuliendelea kupika biriani za arusi, nayo ikaendelea kubeba masufuria. Mirathi ilikuwa haijagawanywa: mama ana thumuni yake, na katika kilichobaki ndugu yetu mdogo ana mafungu mawili, na kila mmoja wetu fungu moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, na anayeendesha husahau upesi kwamba gari ni la watu watano.

Alilalamika kwamba nyuma kumeinuka mno, na gari likiwa tupu hurukaruka kwenye kona. Hakusema uongo. Springi za nyuma, yale mabapa ya chuma yaliyolaliana, zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Pasipo mzigo huwa ngumu na tairi huiacha lami. Gari likishushwa, uzito hukaa karibu na ardhi na haliyumbi sana likikata kona. Akaenda gereji bila kutuuliza. Akatiliwa kipande cha chuma cha inchi mbili kila upande, baina ya ekseli na springi. Springi zenyewe hazikuguswa, na tunamshukuru fundi kwa hilo, kwani wapo wanaopunguza mabapa, na kila bapa linaloondoka huondoka na nguvu ya kubeba.

Alitupeleka Nyali kulijaribu. Kwa kweli gari lilitulia. Hata mama alilisifu.

Jumamosi tulikuwa na walima Likoni. Masufuria matatu, kuni, na watoto wawili wa kusaidia wameketi nyuma. Maji yalikuwa yamekupwa, na wenye kuvuka kwa feri wanajua jinsi njia ya kutokea inavyosimama wakati huo. Mbele kulipanda, nyuma kukakwaruza, ekseli ikagonga chasisi, sufuria moja ikapinduka. Mchuzi wa moto ulipita shibiri moja kutoka mguuni mwa mpwa wetu. Hakuungua, alhamdulillahi. Watu wa arusi walikula wali wenye mchuzi haba, na hatukudai malipo yote.

Jioni hakuna aliyepaza sauti. Mama aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hizo inchi mbili zilikuwa fungu la nani?"

Jumatatu kijana alilipeleka gari kwa fundi mzee aliyekuwa akimhudumia baba. Mzee akaukandamiza upande wa nyuma kwa mikono miwili, akauachia, akahesabu: gari lilidunda mara nne kabla ya kutulia. Shokamzoba zilikuwa zimekufa zamani, na hizo ndizo huizuia springi isiendelee kudunda. Kumbe sehemu kubwa ya kule kurukaruka ilitokana na hizo. Akavitoa vile vipande, akatia shokamzoba mpya, nasi tukalipa sote kwa kadiri ya mafungu yetu, mama akiwemo.

Gari sasa limeinuka kama alivyoliacha baba. Kona linazikata vizuri, ingawa si kama siku ile ya Nyali. Ndugu yetu hulisema hilo kila tukipita huko, nasi hatumbishii. Vile vipande viwili viko jikoni, vinauzuia mlango usibamizwe na upepo wa kaskazi.