Ukweni Tukuyu

Gari likishapita Uyole kuelekea kusini, abiria hufunga madirisha bila kuambiana. Mimi mtu wa Tanga, niliyeolewa Dar es Salaam, nilikuwa na sweta jepesi na mwanangu wa kwanza yuko mbelekoni. Mama niliyekaa naye kiti kimoja hakuniuliza kitu. Alichomoa kitenge kizito kwenye mfuko wake, akamfunika mtoto hadi shingoni.

"Anakwenda kwa bibi yake?"

"Ndiyo, mama. Hajamwona bado."

"Basi atashiba," akasema, akageukia dirishani.

Nje vilianza viazi, magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya lami. Kushoto Mlima Rungwe, karibu meta 2,960, ulikuwa umezama kwenye wingu. Tulipofika Kiwira migomba ilikuwa imetawala kila mahali, na mvua ilikuwa imeanza. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku ile haikutaka kubakiza deni. Mji wenyewe niliupita mbio: stendi, bodaboda waliojifunika makoti ya mvua, mtelemko wa matope. Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Sikusikia mtu akilitaja jina hilo.

Nyumbani kwa kina mume wangu, migomba imeizunguka nyumba pande zote, na katikati ya migomba kuna makaburi yaliyowekwa vigae. Babu wa mume wangu yupo pale, bibi yake yupo pale, hatua chache kutoka jikoni. Mavyaa yangu alimchukua mtoto kwanza, salamu zikafuata. Kisha akarudi kwenye jiko lake la nje, ambako sufuria ya mbalaga ilikuwa imeinjikwa, ndizi na maharage, kubwa kiasi cha kunitia wasiwasi. Ndani ya nyumba tulikuwa watu wachache. Chakula kile ni cha nani?

Jioni nikajibiwa. Walikuja wanaume, mmoja mmoja, wawili wawili, waliocheza na mume wangu utotoni. Mwalimu, dereva, mkulima wa chai. Hakuna aliyekaribishwa na hakuna aliyebisha hodi kwa muda mrefu. Walinawa, wakala. Mavyaa aliwaita wote "mwanangu", na akamgombeza mmoja wao mbele yetu kwa jembe aliloazima akakaa nalo. Kwetu Kimara, Dar es Salaam, mgeni hupiga simu kwanza, na geti hufunguliwa baada ya mbwa kufungwa.

Wasomi wameiandika sana Rungwe kwa ajili ya wanaume hawa, au tuseme babu zao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti wao kwa Wanyakyusa, watu wa huku, kati ya 1934 na 1938, na kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza vijiji vya marika. Mvulana wa miaka kama kumi aliondoka kwa baba yake, akajenga kibanda pembeni pamoja na wenzake, na baadaye wakaoa wakabaki hapohapo. Sababu mojawapo ilikuwa kumweka mke wa mtoto mbali na bavyaa yake, ambaye mke huyo hakutakiwa hata kumtazama. Wanaume kuishi na rika badala ya ndugu! Jambo hilo likawashangaza walimwengu. Lakini kitabu hichohicho kinasema wavulana wale walirudi kwa mama zao kula, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kwa hiyo kijiji cha wanaume kilisimama juu ya mafiga ya wanawake, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa zaidi. Wilson aliandika kitabu hicho akiwa mjane. Godfrey alifariki mwaka 1944, akamwachia wavulana wawili wadogo. Sidhani kama suala la nani anawalisha lilimpita.

Vijiji hivyo havipo tena. Ardhi imejaa chai, parachichi na ndizi, na mtoto wa kiume hujenga kwenye kipande anachomegewa na baba. Shangazi wa mume wangu aliniambia, huku akicheka, kwamba zamani ningesikia kikohozi cha bavyaa ningekimbilia migombani. Bavyaa alinipa mkono, akaniuliza habari za Tanga. Hata hivyo sahani yake ilipokuwa tayari, mavyaa alimwita mjukuu aipeleke, ingawa mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza.

Asubuhi nilipewa kisu na mkungu. Utomvu wa ndizi mbichi uliifanya mikono yangu kuwa myeusi, hadi jirani akaniletea mafuta ya kupaka, akiniita mama kwa jina la mwanangu. Jana yake nilikuwa "mgeni wa Dar". Mavyaa akaenda msibani kijiji cha pili, akaniachia jiko na maneno machache: "Usipunguze."

Mchana alikuja yule wa jembe. Hakuona kosa lolote kwa mwenye nyumba kutokuwepo. Alinawa, akaketi, akanitazama. Nikampakulia. Alipomaliza akashukuru, "Ndaga fijo, mama," mtu aliyenizidi miaka kumi, kisha akauliza kama wenzake waliokuwa barabarani waingie. Walikuwa watatu.