Mvua Inyeshayo Mbali



Wapendwa waamini, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo limetawala mazungumzo yetu baada ya Misa, nalo ni safari ya miguu ya siku tatu ambayo vijana wetu wanaiandaa, kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kushuka hadi korongo la mto Engare Sero, karibu na ziwa Natron. Wengi mmeuliza kwa nini safari hiyo imeondolewa katika juma la baada ya Pasaka na kupelekwa mwezi Julai. Baadhi yenu mmeuliza kwa upole, na wengine kwa manung'uniko, hasa wazazi ambao wamekwisha kutoa michango. Mnayo haki ya kupata jibu, na jibu lenyewe naona lina mafundisho ambayo yanatuhusu sote, hata sisi ambao hatutakwenda.

Sisi watu wa Simiyu hatuhitaji kufundishwa na mgeni tabia ya mto wa msimu. Mto uliotupa jina la mkoa wetu huanzia upande wa Serengeti, hupokea maji ya Duma, na humwaga katika ghuba ya Speke kwenye ziwa Viktoria. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya mto huo ni mchanga mtupu. Akina mama huchimba visima humo na kusubiri maji yajikusanye, na ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Lakini mvua zikianza, mchanga uleule hugeuka kuwa maji mengi yenye nguvu. Mzee mmoja mfugaji, muumini wa kigango chetu kimoja, aliwaeleza vijana katika kikao kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimkataza kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake anapotaka kuvuka. Alimwagiza atazame mawingu ya mashariki, kule mto unakotoka. Mvua iliyo juu yako itakulowesha tu. Inayoua ni ile inayonyesha mahali usipopaona.

Neno la mzee huyo ndilo lililobadilisha tarehe ya safari. Mto Engare Sero hushuka kutoka nyanda za juu, ambako mvua hunyesha kwa wingi, na kupita kati ya kuta za mawe hadi nchi ya chini iliyo kame, ambayo ni karibu sawa na jangwa. Anayetaka kufika kwenye maporomoko yake hutembea ndani ya korongo, na mara kwa mara ndani ya maji yenyewe. Siku za kawaida ni mto mpole. Lakini masika, kati ya Machi na Mei, wingu laweza kupasuka kule juu ilhali wewe uliye chini unaona anga la buluu na jua kali. Maji hayana pa kutawanyika, kwa sababu kuta zimeyabana. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na maji ya kufika magotini yakienda kwa kasi huweza kumwangusha mtu mzima.

Haya si ya kubuni ili kuwatisha watoto. Mwezi Aprili mwaka 2012, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, vijana wa kikundi cha kanisa waliokuwa wametoka kutembea pamoja, kama wanavyotaka kutembea wa kwetu, walikutwa na mafuriko ya ghafla na saba kati yao wakafariki. Septemba 2019 mahali hapohapo maji yaliwachukua watu wengine saba. Mbali zaidi, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, tarehe 12 Agosti 1997 watalii kumi na mmoja walikufa ndani ya korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon, kwa mvua iliyonyesha kilomita kadhaa upande wa juu. Na tusiende mbali: vijana wetu watasafiri kwa gari kupitia Shinyanga, Singida na Katesh. Ni Katesh ileile ambayo asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 ilifunikwa na matope na mawe yaliyoporomoka kutoka mlima Hanang, na zaidi ya watu themanini wakapoteza maisha. Waliokuwa mjini hawakuona kilichokuwa kikitendeka mlimani.

Ndipo niliposikia, wapendwa, usemi ambao nausikia mara nyingi katika mambo mengine pia: "Baba Paroko, sisi tusali tu, Mungu atatulinda." Nauheshimu moyo unaosema hivyo. Lakini tukumbuke kwamba Shetani alipomweka Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu alimshawishi ajitupe chini kwa hoja ileile, kwamba malaika wapo na watamdaka. Bwana alikataa, na hakuona kwamba kukataa huko ni upungufu wa imani. Kumwomba Mungu atulinde dhidi ya hatari tusizozijua ni sala. Kuijua hatari, kuwa na uwezo wa kuikwepa, kisha kuiendea na kumwachia Mungu kazi ambayo ametupa sisi akili ya kuifanya, huko ni kumjaribu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kuwa busara ni akili nyofu katika kutenda, na Kanisa limeiweka miongoni mwa fadhila kuu nne. Kwa hiyo kalenda, kamba na dumu la maji vina nafasi yao katika maisha ya kiroho.

Na tuseme habari za dumu, maana hapo ndipo vijana wetu walipojifunza zaidi. Mwanzoni kila mmoja alipanga kubeba chupa mbili. Tukakaa chini kwa hesabu. Mtu atembeaye juani katika nchi ile, ambako joto la mchana huweza kufika nyuzi 40, tumempangia lita tano kwa siku. Watu kumi na wawili ni lita sitini kwa siku. Kwa siku mbili, kabla hawajaufikia mto, ni lita mia na ishirini. Lita moja ni kilo moja. Hayo ni madumu sita ya lita ishirini, na hakuna kijana hata mmoja atakayeyateremsha kwa bega kutoka ukingo wa kreta ya Empakaai, ulio karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, penye mita 600 hivi. Kwa hiyo watakuwapo punda watatu wa maji na mmoja wa chakula, pamoja na wenyeji Wamasai wanaoijua njia. Ndani ya eneo la Ngorongoro atakuwapo pia askari wa hifadhi, kwa sababu kuna nyati na chui. Ziwa lenyewe halitawasaidia kwa kiu. Maji yake yamejaa magadi, nayo huwafaa heroe wadogo, ambao wengi wao duniani huzaliwa hapo, lakini hayamfai mwanadamu.

Kuhusu chakula, akina mama wa WAWATA wamekuja na shauri ambalo hakuna kitabu cha watalii kingelitoa. Watawaandalia matobolwa na karanga. Wazee wetu walivuka njaa na safari ndefu kwa viazi vilivyochemshwa na kukaushwa. Ni vyepesi, havioki upesi, na huliwa bila kuwasha moto. Nimefurahi kuona vijana waliokuwa wakiona haya kula matobolwa mbele ya wenzao sasa wakibishana ni kilo ngapi zitoshe.

Liko jambo moja ambalo halikuwa jepesi, nami nalisema kwa idhini ya wahusika. Binti mmoja, ambaye ndiye aliyeianzisha hoja ya safari hii, anaishi na ugonjwa wa seli mundu, ambao familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinaufahamu kwa machozi. Daktari wake alieleza wazi kwamba baridi ya usiku kule juu, mwinuko mkubwa, uchovu na upungufu wa maji mwilini, kila kimoja kwa peke yake chaweza kumletea maumivu makali, na kule hakuna hospitali ya karibu. Mama yake alinijia akitumaini kwamba padre angesema neno tofauti na la daktari. Sikuwa na neno tofauti. Tulitafuta njia fupi zaidi, tukatafuta gari la kumfikisha chini, lakini joto na umbali vilibaki palepale.

Kikao kimemkabidhi daftari la safari. Katika korongo simu hazitashika, kwa hiyo lazima awepo mtu huku nyumbani mwenye orodha ya majina, njia itakayofuatwa, namba za wenyeji na saa ambayo kundi linatakiwa kuwa limetoka. Saa hiyo ikipita bila habari, yeye ndiye atakayepiga simu kuomba msaada, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Ni kazi nzito, na uhai wa wenzake waweza kuitegemea. Hata hivyo aliniambia waziwazi kwamba haikumfariji, na kwamba angebadilishana nayo wakati wowote kwa siku moja tu ya kutembea. Sikumhubiria. Yapo maumivu ambayo mpango mzuri hauyaondoi, na tusijaribu kuyafunika kwa maneno matamu. Nawaomba mumkumbuke katika sala, na msimwambie kwamba amepewa sehemu iliyo bora.

Alikuwa yeye aliyewasomea wenzake habari ya nyayo za Engare Sero. Kusini mwa ziwa, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, zipo nyayo za wanadamu zaidi ya mia nne, zilizokanyagwa katika matope ya majivu ya volkano miaka elfu kadhaa iliyopita, kisha zikakauka na kuwa jiwe. Wataalamu walioandika mwaka 2020 walipambanua kundi la watu kumi na saba waliokwenda upande mmoja kwa mwendo wa pamoja. Waliona kuwa yaelekea kumi na wanne walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume, na mmoja kijana. Hatujui walikuwa wakienda wapi. Tunaona tu kwamba hakuna aliyekimbia mbele na kuwaacha wenzake. Vijana wamelifanya hilo kuwa sheria yao ya kwanza: mwendo wa kundi utakuwa mwendo wa aliye wa mwisho, na atakayetangulia atakuwa mwenyeji peke yake.

Sheria ya pili ilizua mjadala mkali zaidi. Ni nani atakayeamua kurudi? Baadhi walitaka kura ipigwe. Nilipinga, na kikao kikakubali baada ya mabishano. Watu waliochoka, waliolipa fedha, waliobakiza nusu saa kufika kwenye maporomoko, watapiga kura ya kuendelea. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na wingi wa kura haupunguzi kina. Mwenyeji wa Engare Sero ambaye ameuona mto huo tangu utotoni, akiona maji yamegeuka rangi, au akisikia ngurumo kule juu, akisema turudi, tutarudi pasipo kuulizana. Mimi nitakayekuwa nao nitamtii kama wote. Ukasisi haunipi ujuzi wa mto.

Kwa hiyo safari itakuwa Julai, wakati wa kiangazi na likizo, Mungu akipenda. Michango iliyokwisha kutolewa iko salama kwa mweka hazina wa Halmashauri ya Walei, na hesabu itasomwa Dominika ijayo. Wazazi wasioridhika na tarehe mpya watarudishiwa fedha yao yote.

Ninalo ombi moja tu. Huenda vijana wakafika hadi mlangoni pa korongo, wakaambiwa na mwenyeji wao kwamba leo haiingiliki, nao wakarudi Bariadi bila picha ya maporomoko, baada ya kusafiri mamia ya kilomita na kutumia fedha zenu. Hilo likitokea, msiwacheke pale nje ya kanisa. Kijana akichekwa kwa sababu alirudi salama, safari nyingine hatarudi. Wapokeeni, wapeni maji, kisha waulizeni walichokiona njiani.

Nawatakia nyote juma lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko